Moshi Mweupe Usiokoma: Nilivyojifunza Kutafuta Ubovu wa Pikipiki ya Trayali

Kwa muda wa miezi miwili pikipiki yangu ya trayali ilitoa moshi mweupe mzito ambao haukukoma hata injini ilipopata moto, na kila fundi niliyempelekea alinipa jibu lile lile: "Mzee, umezidisha oili kwenye petroli." Nilipunguza oili, moshi ukabaki. Kabureta ilifunguliwa na kusafishwa mara tatu, moshi ukabaki. Ubovu haukuwa kwenye kabureta wala kwenye mchanganyiko, na ningeugundua siku ya kwanza kama ningekuwa na subira ya kupima badala ya kubahatisha.

Kwa asiyeujua mchezo huu, trayali si mashindano ya mwendo. Mpandaji hutakiwa kuvuka mawe, magogo na makorongo bila kuweka mguu chini, na ndiyo sababu pikipiki yake haina kiti cha kukalia, ina uzito wa takriban kilo 70, na tangi lake hubeba lita mbili au tatu tu. Nyingi hutengenezwa Hispania na Italia, na nyingi zina injini ya mipigo miwili, ambayo krenki yake, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, hulainishwa na oili iliyochanganywa na petroli. Mafundi wetu wa Nairobi wamezoea injini za bodaboda, ambazo ni za mipigo minne, na katika hizo ni hodari kweli kweli. Lakini moshi wa bodaboda humwelekeza fundi kwenye ringi za pistoni au sili za valvu, ilhali injini ya mipigo miwili ina njia nyingine kabisa ya kunywa oili isiyoihusu.

Hatua ya kwanza iwe ni kuuondoa mchanganyiko kwenye orodha ya washukiwa. Mwongozo wa pikipiki yangu unaagiza oili asilimia 1.5, yaani mililita 15 kwa kila lita ya petroli, au mililita 75 kwa dumu la lita tano. Kukadiria kwa kifuniko cha chupa hakufai. Mimi hupima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, la kununuliwa duka la dawa. Nilipokwisha kuchanganya dumu jipya kwa kipimo hicho na moshi ukaendelea vile vile, nilijua kwamba oili ya ziada ilikuwa inaingia kutoka mahali pengine. Nikafungua plagi: ilikuwa nyeusi na yenye utelezi, nayo ilitoa harufu ya oili ya gia, si ile ya oili ya mchanganyiko. Nikamwaga oili ya giaboksi kwenye jagi lenye alama za kipimo. Nilikuwa nimejaza mililita 500, na baada ya safari tatu za machimboni zilitoka mililita 340, ingawa chini ya injini hapakuwa na hata tone moja la uvujaji.

Hapo ndipo penye ufunguo wa jambo zima. Katika injini ya mipigo miwili, chumba cha krenki huvuta na kusukuma hewa kila pistoni inapopanda na kushuka. Krenki hutokeza pande zote mbili, na kila upande hufungwa na sili ya mpira. Sili ya upande wa klachi ndiyo inayokizuia chumba hicho kisivute oili ya giaboksi. Ikichakaa, injini huinywa oili hiyo na kuichoma, na moshi mweupe hutoka bila kukoma. Ili kuthibitisha, niliondoa kabureta na ekzosi, nikaziba matundu yote mawili kwa vipande vya tyubu kuukuu vilivyobanwa kwa vibati, kisha nikaingiza upepo kwa pampu ya baiskeli hadi geji ikasoma pauni 5. Presha ya juu zaidi ya hapo inaweza kuziharibu hata sili zilizo nzima. Mpira wa kupumulia wa giaboksi niliuchovya kwenye kikombe cha maji. Mapovu yalianza kutoka, moja moja mwanzoni, kisha kwa mfululizo, na sikuhitaji tena ushahidi mwingine.

Sili ya upande wa pili, wa magineto inayotoa umeme wa plagi, ikiharibika, dalili huwa tofauti na hatari yake ni kubwa zaidi. Hapo injini huvuta hewa tupu badala ya oili, mchanganyiko hukosa petroli ya kutosha, na ukiachia mkono wa gesi injini huendelea kunguruma kwa kasi badala ya kutulia. Watu wengi hudhani waya wa gesi umekwama. Ukiona dalili hiyo na waya uko huru, zima injini na usiendelee kupanda, kwa sababu pistoni inaweza kukwama kwenye silinda, na hasara yake ni mara nyingi ya bei ya sili.

Kuhusu spea, usikate tamaa kwa sababu pikipiki ilitoka Ulaya. Sili nyingi huwa na namba tatu: kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje na unene, zote kwa milimita. Beringi nazo huwa na namba yake ubavuni. Chukua namba hizo hadi Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee bado huiita Grogan, na mara nyingi utapata kinacholingana siku hiyo hiyo. Sharti langu ni moja: kwa krenki, omba sili ya mpira unaostahimili joto na petroli. Ile ya kawaida inaingia vizuri na inapendeza macho, lakini haidumu.

Jambo jingine linalowahusu waendeshaji wa Nairobi ni kimo cha jiji lenyewe. Tuko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa huku ni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko Mombasa. Pikipiki iliyotoka kiwandani ikiwa imerekebishwa kwa hewa ya chini hupata petroli nyingi kuliko hewa: plagi huwa nyeusi, na injini husita inapofunguliwa gesi kwa ghafla. Wengi hukimbilia kubadilisha jeti kubwa, yaani kitundu cha kabureta kinachopima petroli gesi ikifunguliwa sana, nami nilifanya hivyo pia, lakini mpandaji wa trayali hufungua gesi kidogo tu karibu wakati wote, kwa hiyo jeti ndogo, skrubu ya hewa na sindano ya kabureta ndizo zenye kauli. Kwenye kabureta yangu, skrubu ya hewa iko upande wa filta. Ifunge taratibu hadi mwisho bila kuibana, ifungue mzunguko mmoja na nusu, kisha irekebishe robo kwa robo injini ikiwa moto. Badilisha kitu kimoja, ijaribu, andika ulichokiona, ndipo uguse kingine. Ukigusa vitatu kwa pamoja, hutajua kilichosaidia wala kilichoharibu.

Kabla ya hayo yote, hata hivyo, angalia filta. Vumbi la machimbo ya mawe na la njia za Kitengela huiziba sponji kwa siku moja, na filta iliyoziba hutoa dalili zile zile za petroli kuzidi. Ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ikaushe kivulini, ipake oili ya filta na kuikamua hadi ienee sawasawa. Mimi huwa na filta mbili, moja ikiwa tayari kwenye mfuko wa plastiki.

Adui mkubwa wa pikipiki hizi ni mashine ya presha ya sehemu za kuoshea magari. Msimu wa mvua, udongo mweusi hushika kila mahali na kishawishi ni kikubwa, lakini maji yale hupenya kwenye beringi za mkono wa nyuma unaoshika gurudumu na viungo vya shoki, hufukuza grisi, na kutu huanza pasipoonekana. Niliwahi kufungua viungo hivyo nikakuta roli za beringi zimegeuka unga mwekundu. Tumia ndoo, brashi na subira, na uvipake viungo hivyo grisi walau kila baada ya miezi mitatu. Safisha pia feni ya redieta, kwa sababu mwendo wetu ni wa pole na hakuna upepo mwingine wa kuipoza injini.

Klachi nyingi za pikipiki hizi husukumwa kwa majimaji, na hapa nasisitiza: nyingine hutumia mafuta ya breki na nyingine mafuta ya madini, na ukiyachanganya, mipira ya ndani huvimba na kuharibika. Soma maandishi ya kifunikoni. Upepo wa matairi uwe mdogo, pauni 4 hadi 5 nyuma na 5 hadi 6 mbele, upimwe kwa geji ya presha ndogo, kwa kuwa geji ya kituo cha petroli haiwezi kutofautisha namba hizo.

Nirudi kwenye sili yangu. Katika injini hii sili ya upande wa klachi hutolewa kwa nje, bila kupasua injini, baada ya kufungua klachi na gia ya krenki. Kazi ilichukua Jumamosi moja. Nilipopiga kiki, moshi ulitoka mweupe kama zamani, na kijana aliyekuwa akinisaidia alinitazama kwa huruma. Lakini oili ya miezi miwili ilikuwa imelowesha pamba ya sailensa, na oili hiyo haina budi kuungua kwanza. Tuliiacha injini ingurume uani, tukiizima kila joto lilipopanda. Baada ya takriban dakika 40 moshi ulianza kuwa mwepesi, na safari mbili baadaye nilimwaga tena oili ya giaboksi kwenye jagi lile lile: mililita 500.