Upinde wa kwanza uwe dhaifu

Upinde wangu wa kwanza uliishi dakika 40 hivi. Niliuchonga wiki mbili, nikaupiga msasa mpaka unateleza, nikaupaka mafuta, hata jina nilishaupa. Nilipouvuta mara ya ishirini na kitu ulilia "ta!", mkono wake wa juu, yaani nusu ya upinde iliyo juu ya mshikio, ukakatika na kunigonga kwenye paji la uso. Nundu ilikaa siku nne. Jina silitaji.

Kosa nilikuja kulijua baadaye. Kwenye mgongo wa upinde, yaani upande unaotazama shabaha, palikuwa na kifundo kilichovimba kama kipele, nami kwa kupenda vitu vinyooke nikakipitishia randa. Sasa, ukivuta upinde, mgongo unavutika na tumbo, upande unaokutazama wewe, linabanwa. Nyuzi za mgongo zikishakatwa hazina pa kushikana. Moja inainuka kama kibanzi, na mti mzima unaifuata. Tangu siku ile mgongo siupitishii chuma. Natafuta mti mchanga ulionyooka, mnene kama kifundo cha mkono au kuzidi kidogo, nabandua gome kwa mkono na kitu butu, na sura ninayoikuta chini ya gome ndiyo inayobaki. Pana bonde, libaki. Pana kilima, kibaki. Kuchonga kote kunafanyika tumboni na ubavuni.

Mti ukatwe mbichi lakini usichongwe mbichi. Siku hiyohiyo paka gundi au rangi kwenye ncha zote mbili, kwa sababu maji hutoka haraka zaidi nchani na nyufa huanzia huko. Upasue katikati, uuweke kivulini penye hewa, ushughulike na mambo mengine kwa miezi. Mimi naupima kwenye mizani kila wiki na kuandika uzito kwa penseli palepale kwenye mti. Namba ikiacha kushuka, umekauka. Ukiuwahi kabla ya hapo hautavunjika, ila utakunjika na kubaki umekunjika hata ukitoa upote, yaani kamba ya upinde, na nguvu yake nyingi itakuwa imepotea.

Nije kwenye neno nililokusudia. Kila anayeniuliza habari za upinde wa kwanza anataka wenye nguvu za kiume, wa kuvutwa kwa ratili 50 au 60. Namwambia alenge 25 au 30, yaani kilo 11 mpaka 13 na nusu, na ananitazama kama nimemtusi. Lakini mti unaovutwa kwa nguvu ndogo unasamehe makosa ambayo mti wa ratili 50 unayalipiza papo hapo, na mgeni wa kazi hii makosa hayakosi. Tena upinde wa ratili 28 unarusha mshale mpaka ukazama vizuri kwenye gunia lililoshindiliwa matambara. Unataka nini zaidi? Urefu nao usiubane: usipungue kimo chako. Upinde mfupi ni mzuri kubeba, ila unaudai mti mkunjo mwingi mno.

Ukishachonga umbo, anza kuufundisha kukunjika, na hapa ndipo muda wote unakwenda. Mimi nina ubao niliousimamisha ukutani. Upinde unakaa juu yake, kamba inashuka mpaka kwenye kapi iliyo chini, nami navuta nikiwa nimesimama hatua kadhaa pembeni, nikiona mikono yote miwili inavyokunja. Mizani ya ndoana imefungwa kwenye kamba. Sheria ni moja: usivute kamwe kupita ratili ulizokusudia. Ukilenga 30 na mizani ikasoma 30 upote ukiwa umeshuka nusu tu ya safari, simama hapo. Kwangua tumbo kidogo kwa mgongo wa kisu, vumbi na nyuzi kama nywele, basi. Kisha vuta mara 30 mivuto mifupi ndipo upime tena, kwani mti hauonyeshi palepale ulichoutendea.

Na ukumbuke kwamba unene si sawa na upana. Ukipunguza upana kwa sehemu moja ya kumi, ugumu unapungua kwa sehemu moja ya kumi. Ukipunguza unene kwa kiasi hichohicho, ugumu unapungua kwa zaidi ya robo. Ndiyo maana kisu kikiteleza mara tatu mahali pamoja, mkono unapata kiwiko.

Upinde wangu wa pili ulipata kiwiko, mkono wa chini, shubiri moja hivi kutoka kwenye mshikio. Sehemu nyingine zimenyooka kama rula, pale tu panakunja. Dawa yake inauma: kiwiko hukigusi tena, unakwangua kwingine kote mpaka kote kulegee kama pale. Nilianza nikitaka ratili 40, nikamaliza na 22. Mtoto wa jirani aliufurahia sana. Siku hizi napiga picha kwa simu kila baada ya kukwangua, kisha naigeuza juu chini. Jicho linaloangalia kitu kilekile saa nzima huanza kudanganya, picha iliyopinduliwa inaliamsha.

Upote uwe wa uzi usionyumbuka. Polyesta iliyosokotwa inafaa. Nailoni inavutika kama mpira na nguvu zote zinaishia humo. Ukiufunga, ngumi yenye kidole gumba kilichosimama iingie kati ya mshikio na upote, kama sentimita 15. Na usiuachie bila mshale, hata kwa mzaha. Nguvu ambayo ingeondoka na mshale inarudi kwenye mti.

Mishale ndiyo kazi ambayo watu wanaidharau. Yule mtu wa barafuni, Ötzi, aliyekutwa mwaka 1991 kwenye milima ya Alps baada ya kulala humo zaidi ya miaka 5,000, alikuwa na upinde wa mita 1.82 ambao hajaumaliza, na kati ya mishale yake 14 ni 2 tu iliyokuwa tayari. Niliposoma hayo nilifarijika. Kisha nikasoma kwamba aliuawa kwa mshale wa begani. Aliyemlenga alikuwa ameshamaliza wake.

Fito zenyewe hazitoki porini zimenyooka. Nauzungusha ufito juu ya kucha ya kidole gumba. Palipopinda panaruka, kidole kinapaona kabla ya jicho. Napapasha juu ya makaa mpaka ni moto wa kushikika kwa shida, napinda kupita kidogo upande wa pili, nangoja papoe mkononi. Kesho yake ufito umerudi nusu ya njia, nao unaanza upya. Nyingine zinahitaji siku nne. Nyingine ni kuni.

Halafu kuna ugumu wa ufito. Mshale ukiachiwa hujipinda na kuuzunguka mshikio, kwa hiyo lazima ulegee kwa kadiri ya upinde. Mgumu mno humwendea kushoto mtu wa mkono wa kulia. Mlegevu mno humwendea kulia. Mwaka mzima nililaumu jicho langu. Weka ufito juu ya vishikizo viwili vilivyoachana sentimita 66, ning'iniza gramu 900 katikati. Kwa upinde wa ratili 30, ushuke kama sentimita 2.2. Fito zote ziwe karibu na kipimo hicho, na kundi moja lifanane, la sivyo hutajua kamwe nani kakosea. Manyoya matatu kwa kila mshale, yote ya bawa la upande mmoja.

Kuhusu kulenga nina machache. Anzia hatua 10, upote ufike pembe ya mdomo kila mara, na vaa kipande cha ngozi mkono wa mbele, maana upote ukikuchapa mara moja utaanza kukunja uso kabla ya kuachia, na tabia hiyo huchukua miezi kuiondoa. Nyuma ya shabaha pasiwe na njia wala mlango.

Kabla ya kila mpigo pinda mshale kidogo karibu na sikio. Ukisikia mlio mkavu kama wa ukuni unaoanza kuvunjika, umepasuka, na siku moja utakatika ukiwa upoteni na kuingia mkononi mwako. Usiuweke kando. Uvunje mwenyewe palepale vipande viwili, kwa sababu ukiuacha mzima, kesho utauokota kwa kusahau.