Muhula Umeisha, Sasa Unamsahihisha Mume

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, nakaa Pasua, Moshi. Nasoma shahada ya uhasibu, masomo ya jioni. Tangu tumalize mitihani Julai najiona mtupu. Nilizoea kukesha na mizania mpaka pande mbili zilingane, sasa nikiamka saa tisa usiku sina la kufanya. Mume wangu hanielewi. Ananiambia "pumzika," kisha anatoka. Nimejaribu kumsaidia hesabu za duka, akanuna. Nifanyeje? – Mama Wawili*

Marahaba, mwanangu. Akili iliyozoea kusumbuliwa ikikosa kazi lazima iwashe. Pole.

Pole inaishia hapo, maana barua yako ni ndefu kuliko hii niliyoifupisha, na nilipoimaliza aliyenitia huruma ni baba watoto. Umeandika, kwa kupitia tu, kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiwapeleka watoto shule, na kwamba ukirudi usiku ulikuta chakula kwenye hotipoti. Nani alikipika? Hukusema. Hayo umeyapa mstari mmoja, lakini kununa kwake umekupa aya nzima.

Halafu huo "msaada" wa duka. Ulichukua daftari lake bila kumwomba, ukazungushia makosa kalamu nyekundu, ukamwonyesha mbele ya kijana wake wa dukani. Hapo ulisaidia nini? Ulikosa mtihani wa kufanya, ukamfanya mumeo karatasi ya kusahihisha. Mtu ambaye duka lake, kwa maneno yako mwenyewe, ndilo linalolipa ada! Mimi ningenuna zaidi yake.

Ndoa za siku hizi ndivyo zilivyo. Mmoja akienda chuo, nyumba nzima inasoma: huyu anakesha na vitabu, yule anakesha na mtoto mwenye homa. Siku ya kuvaa joho, picha inapigwa ya mtu mmoja. Kisha huyo mmoja anarudi nyumbani na kumwona mwenzake mzito wa kuelewa. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na muhula unapita, mama.

Hamu yako ya hesabu siitupi, ina pa kwenda. Uko Moshi, mji wa ushirika. KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, kilianzishwa 1933. Hapo Pasua kwenu hukosi kikoba cha kina mama ambacho siku ya kuvunja na kugawana akiba kinageuka ugomvi, kwa sababu hisa, mikopo na faini vyote vimeandikwa kwenye daftari moja, na mwenye daftari amechoka. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, vikundi hivyo vinatakiwa kusajiliwa, kwa hiyo hesabu za kukisia hazifai tena. Waombe wakupe vitabu vya mwaka huu uvinyooshe. Utakutana na mizania isiyokubali kulingana kuliko yoyote ya darasani, na hapo hakuna mwalimu wa kukupa jibu.

Lakini anza na nyumba. Wiki hii watoto wapeleke shule wewe, jikoni ingia wewe. Daftari la duka usiliguse mpaka akuombe mwenyewe. Mwombe radhi, na yule kijana wa dukani awepo asikie, maana ndiye aliyeshuhudia aibu. Na matokeo ya muhula yakitoka, wa kwanza kuambiwa awe mumeo, kabla hujayatuma kwenye kundi lako la WhatsApp.