Kabla hujaacha kazi ya duka

Mdogo wangu, umeuliza kama uache kazi ya duka Kariakoo uishi kwa kuuza vitabu vya mapishi mtandaoni. Usiache bado. Anza na kurasa kumi tu, maandazi na vitumbua, vipimo vya kikombe na kijiko. Wengi jikoni hatuna mizani. Faili isizidi MB 2, bando ni pesa. Lipa namba iwekwe juu kabisa, mtu asiitafute.

Mimi nilitumia miezi minane kurekodi kozi ndefu, wakanunua watu wawili. Iliniuma mno.

Mteja akikuuliza WhatsApp, "Hamira kiasi gani?", mjibu, kisha liandike swali lile: ndio ukurasa wako ujao. Wateja wakirudi kununua kitabu cha pili miezi mitatu mfululizo, hapo kazungumze na bosi.