Vijana wapya wa vanishi, tusikilizane

Juzi nimemkuta mgeni wetu wa karakana hapa Ngamiani anamimina tapentaini kwenye sufuria ya rozini (ule utomvu mgumu wa kutengenezea vanishi), jiko la mkaa linawaka chini yake. Nilipiga ukelele mpaka fundi cherehani wa jirani akatoka mbio. Jamani, kila anayekuja hivyo hivyo!

1. Sufuria ikishaepuliwa na kupelekwa mbali na jiko, ndipo tapentaini iingie, kidogo kidogo. Mvuke wake unashika moto kuanzia kama nyuzijoto 35, na mchana wa Februari hapa Tanga mnaujua.

2. Rozini na tapentaini ni ndugu wa tumbo moja. Utomvu wa msonobari ukikenekwa, kinachopaa na mvuke ni tapentaini, kinachobaki chini ni rozini. Lakini rozini inayeyuka hata kwenye spiriti, na hapo ndipo tamaa inapoingia. Mimi iliniponza. Nina meza ya mninga ya mama mmoja wa Raskazone, sheliki, ile gamu ya wadudu tunayoyeyusha kwenye spiriti kupata vanishi, imepanda bei, nikachanganya na rozini nusu kwa nusu. Ikang'aa, nikasifiwa, nikanyweshwa na chai. Haikupita muda naitwa: "Fundi, njoo uone kazi yako." Kila palipowekwa glasi ya maji baridi pana duara jeupe, ukikwaruza kwa ukucha unatoka unga. Nikasingizia jokofu lao, eti linagandisha mno! Mzee wa nyumba akanitazama tu. Ukweli niliujua: rozini inavunjikavunjika, na maji yanaigeuza nyeupe. Halafu niliipaka siku ya masika, mvua inanyesha. Spiriti ikiruka inapoza uso wa ubao, unyevu wa hewani unatua kwenye vanishi mbichi. Nikaipiga msasa meza nzima upya, kwa hela yangu, watoto wa nyumba wamekaa wananiangalia.

3. Mvua ikinyesha, msipake. Kanyweni kahawa.

4. Rozini ya vanishi wenye ujuzi huipika na chokaa kwanza ili iwe ngumu. Chuma chenye kutu kinaitia weusi, tumieni sufuria ya alumini.

5. Matambara ya mafuta ya kitani yaanikwe nje moja moja. Yakirundikwa yanajipasha yenyewe mpaka yanawaka.

6. Na wewe uliyejazia mafuta ya taa kwenye dumu langu la tapentaini: harufu ya msonobari naijua. Kesho njoo mapema, tuna maongezi.