Homa Inayojirudia Bila Malaria: Mwambie Daktari Asili ya Ukoo Wako

Mwanangu wa pili alikuwa akishikwa na homa kali, tumbo linakaza hataki hata kuguswa, kisha baada ya siku mbili tatu anaamka mzima na kudai chapati. Baada ya wiki kadhaa inarudi. Hapa Dar homa ni malaria kwanza. Kipimo kikitoka hasi, basi ni taifodi au UTI. Amekunywa dawa za kila aina. Safari moja nusura apasuliwe kidole tumbo. Majirani pale Ilala walishaanza kuninong'oneza nimpeleke akasomewe.

Daktari aliyetusaidia aliuliza jambo ambalo hatukuwahi kuulizwa: "Mama, asili yenu wapi? Na wewe na baba yake ni ndugu?" Sisi ni Waarabu pande zote mbili, na mume wangu ni mtoto wa ami yangu. Kumbe hayo yalikuwa na uzito kuliko vipimo vyote tulivyobeba kwenye bahasha.

Ugonjwa wenyewe unaitwa homa ya kifamilia ya Mediterania. Unatokana na hitilafu katika jeni ya MEFV, iliyopo kwenye kromosomu ya 16 na iliyotambuliwa mwaka 1997. Jeni hiyo hutengeneza protini iitwayo pirini, ambayo husaidia kuongoza kinga ya mwili. Ikiwa na hitilafu, inakuwa kama mlinzi wa geti anayepiga king'ora usiku kucha wakati hakuna mwizi: mwili unawaka homa, na ngozi laini za ndani ya tumbo, kifua na viungo zinavimba, bila kijidudu chochote. Kwa hiyo hauambukizi, na antibayotiki haziugusi.

Kwa kawaida mtoto huumwa akirithi hitilafu kwa baba na kwa mama pia. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, wao wenyewe wanaweza kuwa wazima kabisa, lakini kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupata mtoto mwenye ugonjwa huu. Naomba mawifi na mama wakwe wasome hapo mara mbili, maana lawama zote hutupiwa mama.

Walio hatarini zaidi ni wenye asili ya Kituruki, Kiarmenia, Kiyahudi na Kiarabu, hasa ndugu wakioana. Wengi huanza kuumwa kabla ya miaka 20. Uchovu, msongo wa mawazo, baridi au hedhi vinaweza kuchokoza shambulio, ila chanzo ni kile cha kurithi.

Usikubali kuzoea. Usipotibiwa, protini ya amiloidi inaweza kujikusanya kwenye figo na kuziua taratibu. Kama ukoo wenu una watu waliokufa kwa figo na sababu haikujulikana, sema. Andika tarehe za kila homa, na omba mkojo upimwe protini.

Dawa ni kolkisini, ile ile ya gauti, inayotumika kwa ugonjwa huu tangu miaka ya 1970. Hunywewa kila siku, hata mtoto akiwa mzima, kwa kipimo cha daktari tu. Na ukienda duka la dawa mtaani kutafuta dawa ya kifua, sema kwanza kwamba mtoto anatumia kolkisini: antibayotiki za klarithromaisini na erithromaisini huifanya irundikane mwilini mpaka iwe sumu.