Kabla Hujalipia Gari, Dai Ufunguo wa Nati ya Loki

Juzi dada mmoja wa Mtwapa aliniandikia akiwa kando ya barabara. Tairi limelala, nati nne zimefunguka, ya tano haishikwi na spana yoyote, na fundi anataka kuichomelea nati nyingine juu yake apate pa kushika. "Kaka, nimkubalie?" Nilimjibu hapo hapo: mwambie asiwashe mashine. Rimu ikipigwa moto na tairi bado limo, tairi linaweza kulipuka, na milipuko ya namna hiyo imeua mafundi. Mwite mwenye soketi na nyundo.

Ujumbe ule ulinitonesha kidonda. Hadi leo nikipita mbele ya yadi iliyoniuzia gari langu, nageuza uso.

Sisi tunaojinyima tupate gari la kwanza tunajua linavyotuteka macho. Limeshuka Kilindini kutoka Japani, limepigwa polishi, rimu za aloi zinamemeta. Kwa sababu rimu hizo zinapendwa na wezi, wenye magari huweka nati moja ya loki kwa kila gurudumu. Kichwa chake ni cha mviringo, kimechongwa nakshi kama ua, na hukifungua kisoketi chenye nakshi ile ile tu, ndicho ufunguo wake. Kisoketi hicho kikipotea njiani, umenunua gari lisilovulika gurudumu.

Mimi niliuliza. Niliinyooshea kidole nati yenyewe, nikamuuliza muuzaji inafunguliwa na nini. Akanijibu, "Mkubwa, hilo ni pambo tu, spana yoyote inafungua." Nikamwamini, nikalipa taslimu.

Pancha ikanikuta Bamburi, jua la saa saba, tunakwenda harusini Kilifi. Mke wangu na mamangu mkwe wamo ndani, wamejifukiza udi, leso mpya. Spea ninayo, jeki ninayo, nati nne zikatoka vizuri. Ya tano spana ikawa inateleza tu. Mamangu mkwe akashuka akaketi chini ya mwarobaini, hakusema neno, na kimya kile kiliniumiza kuliko jua. Nikapiga simu yadi. Nikaambiwa, "Sisi tuliuza gari kama lilivyokuja." Mtu niliyempa akiba yangu yote ndiye aliyenijibu hivyo.

Aliyetutoa pale ni mzee mmoja fundi wa pancha, alikuja kwa bodaboda na pampu yake. Ile nati ya loki hakuigusa kabisa. "Mwanangu, kwani tairi lazima livuliwe?" Akazirudisha zile nati nne akazikaza, akanambia niweke nyutro, nivute breki ya mkono, akatia mawe nyuma ya magurudumu. Gurudumu la mbele likiwa juu ya jeki, akalijaza upepo, akalipaka maji ya sabuni na kulizungusha polepole mpaka povu likachemka mahali pamoja. Msumari. Akaung'oa kwa koleo, akalikwangua tundu kwa chuma chenye meno, akausokomeza utepe wa mpira uliolowa gundi, akaukata uliochomoza. Harusi tuliiwahi, tena nyama ilikuwa bado.

Kwa hiyo, ndugu yangu, jambo la kwanza ni hilo: tairi lisilo na tyubu, tundu likiwa dogo na liko sehemu inayokanyaga lami, huzibwa pale pale. Ubavuni halizibwi, hata fundi akuapie.

Nati yenyewe ilitolewa baadaye gerejini Changamwe. Fundi alichukua soketi ya pembe kumi na mbili, ndogo kidogo kuliko kichwa cha nati, akaigonga kwa nyundo hadi ikang'ata, kisha akaizungusha kwa mpini mrefu taratibu. Soketi ikaharibika, rimu ikapona. Zipo pia soketi maalumu zenye meno ya kupinda ndani, kadiri unavyozungusha ndivyo zinavyozidi kung'ata. Nilizitoa zote nne nikaweka nati za kawaida. Hapo kuwa macho: boliti za nyingi zina unene ule ule wa milimita 12, lakini nafasi kati ya meno ya uzi ni milimita 1.5 kwa Toyota nyingi, na 1.25 kwa Nissan na Subaru nyingi. Ukilazimisha nati isiyo yake unaua boliti.

Ikiwa unazipenda loki zako, basi tafuta ufunguo wake leo. Angalia kwenye dashibodi, mfuko wa jeki, na kwenye buti chini ya spea. Ukiuona, ujaribu kwa mkono kwenye magurudumu yote. Usikubali mashine ya upepo, inaukata meno. Funguo nyingi zina namba ya siri mwilini au kwenye kikadi, na kwa namba hiyo unaweza kuagiza mwingine. Ipige picha. Na kwa chumvi ya bahari yetu hii, nati isiyoguswa muda mrefu hushika kutu, kwa hiyo zifungueni mara kwa mara.

Na nyinyi wenye yadi, tunawaletea jasho letu. Mkabidhini mnunuzi kile kisoketi mkononi, vueni gurudumu moja mbele yake, kisha ndipo mpokee pesa. Kama hamna kisoketi, ng'oeni hizo loki wenyewe kabla gari halijatoka getini.