Kabla hamjailaumu sensa ya joto: kwa vijana wapya wa gereji

Kila Desemba, Wachaga wanapoanza kupanda kwenda nyumbani kwa ajili ya Krismasi, gereji zetu za Moshi hujaa magari ya zamani yenye lalamiko moja, kwamba mshale wa joto unapanda. Wiki hii nimewatazama vijana wawili, ambao ninawapenda na nitaendelea kuwanunulia chai, wakifungua sensa ya Corolla, yaani kile kifaa kinachopima joto la maji ya injini na kuusogeza mshale, kabla hata ya kuugusa mpira wa rejeta inayopoza maji hayo, nikaona heri niandike kuliko kupiga kelele.

1. Pimeni kwanza joto lenyewe. Tunacho kipimajoto cha bastola, kile tulichokizoea wakati wa korona, lakini msikilenge kwenye aluminiamu inayong'aa kwa sababu kitasoma chini. Lengeni mpira wa maji unaotoka kwenye hedi, yaani kichwa cha injini, au bandikeni kipande cha tepu nyeusi kwanza. Thamostati ya gari hizi, yaani vali inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta, huanza kufunguka kwenye nyuzijoto 82, kwa hiyo maji yakiwa kati ya 85 na 95, injini ni nzima, hata mshale useme nini. Kumbukeni pia tunaishi mlimani: maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzijoto 97 hivi hapa Moshi, na 95 kule Arusha kwenye mita 1,400. Mfuniko wa rejeta ulioandikwa 0.9 ndio unaoyashikilia kwa shinikizo hadi yapite 110, na ukilegea, gari litachemsha maji mshale ukiwa haujafika hata kwenye nyekundu, kisha mteja ataapa kwamba geji ni mwongo.

2. Umeme unafuata. Sensa ya geji, ile saa ya joto kwenye dashibodi, ina waya mmoja na hupata ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye bodi ya gari, kupitia thredi zake. Yenye waya mbili ni ya kompyuta ya injini, iacheni kwa amani. Chomoeni ule waya mmoja, washeni swichi bila kuwasha injini, na mshale ulale kwenye C, upande wa baridi. Uunganisheni na bodi kupitia balbu ndogo ya wati 3.4, na mshale upande. Kuugusisha moja kwa moja ni kuunguza geji, na geji ya gari la miaka hiyo utaitafuta mpaka uchoke. Mshale wa mafuta ukipanda sambamba na wa joto, kagueni umeme unaoingia kwenye dashibodi, na mshale ukicheza mara taa zinapowashwa, safisheni ethi.

3. Msizungushe thredi tepu, ile tepu nyeupe ya kuzuia uvujaji, kwenye sensa hiyo. Hapa itabidi mnivumilie.

Desemba 2009 nilikuwa na mwaka mmoja kazini na kiburi cha fundi wa miaka ishirini. Mwalimu mmoja mstaafu alileta Corolla yake, akasema mshale unaikaribia H, upande wa moto, kila anapopanda kilima. Magari matatu niliyoyashughulikia kabla ya hilo yote yalikuwa na ubovu wa sensa, kwa hiyo sikumwuliza hata kama huwa anaongeza maji. Nilinunua sensa mpya, na kwa kuwa mahali pa ile ya zamani palikuwa pakivuja kidogo, niliizungushia tepu nyingi kama fundi bomba, nikaikaza kwa woga nisije nikaharibu thredi za hedi. Nikawasha injini, nikaiacha iungurume uani dakika kumi, mshale ukatulia chini ya robo. Ulipaswa kukaribia katikati! Mimi nilichoona ni kwamba umeshuka, nikafurahi. Kumbe tepu ilikuwa imeikaba ethi, ukinzani wa umeme umeongezeka, na geji huutafsiri ukinzani mkubwa kuwa ubaridi. Rejeta, iliyokuwa imeziba kwa kutu ya miaka mingi ya maji ya bomba, sikuigusa kabisa.

Nilimwamkia mwalimu na kumwambia kwamba gari limepona. Aliniachia mkungu wa ndizi mshare, ndiyo maana wenzangu wa siku zile hunitania hadi leo kwamba niliuza mshale nikalipwa mshare.

Siku mbili baadaye aliwapakia wajukuu na mizigo. Kutoka Moshi hadi Himo barabara haina mlima wa maana, na upepo wa mwendo uliuficha ugonjwa. Alipokunja kuelekea Marangu, kwa gia ya pili, upepo ukapungua huku kazi ya injini ikizidi, na rejeta ikashindwa. Mwalimu alikuwa akiutazama mshale kama nilivyomwagiza, na mshale ulikuwa umelala palepale chini ya robo hadi injini ilipokosa nguvu, moshi mweupe ukatoka nyuma, gari likazima. Hedi ilikuwa imepinda na gasketi imeungua. Alinipigia simu akasema, "Mwanangu, njia nzima nimeutazama huo mshale wako, haujasogea." Hakugomba, na afadhali angegomba. Wajukuu walifika nyumbani nyuma ya pikapu ya mpita njia. Mimi nililivuta gari mkesha wa Krismasi, nikalipia gasketi na kuchongwa kwa hedi kutoka mfukoni mwangu. Kinachoniuma zaidi ni kwamba sensa niliyoitupa ilikuwa ikisema kweli. Ningaliiacha, mwalimu angeona mshale unapanda na angesimama kabla ya kuunguza kitu.

4. Mshale ukianguka ghafla wakati injini ina moto mkali, zimeni: huenda maji yameisha na sensa imebaki hewani.

5. Mpira wa juu ukiwa wa moto na wa chini ukiwa baridi muda mrefu, chunguzeni thamostati na rejeta, wala msiitoe thamostati na kuitupa, maana injini itabaki baridi na mteja atarudi akilalamikia mafuta.

Ile Corolla ya jana bado ipo uani. Mita na balbu zimo kwenye droo ya kushoto, na thredi tepu nimeificha.